Tusilifunge Daftari Kabla ya Kulisoma

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata, Mwitongo, Butiama



Nimeombwa nieleze jinsi kumbukumbu za zahanati zinavyohamishwa kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, na kwa nini mtaalamu anayeifanya kazi hiyo ipasavyo huuliza maswali mengi kabla ya kufunga mashine yoyote. Akifika kwenu, msimwone msumbufu. Kuuliza ndiyo nusu ya kazi yake.

Tumekutana mahali panapoitwa Mwitongo. Wazee wanajua kuwa jina hilo linatokana na mahame, mahali palipokuwa na mji wa watu. Hakuna mwenye busara anayejenga juu ya mahame bila kumuuliza mzee: makaburi yako wapi, kisima kilikuwa wapi, njia ya ng'ombe ilipita wapi? Mfumo wa kumbukumbu nao ni vivyo hivyo.

Madaftari mnayoyaona zahanati ni sehemu ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990. Mgonjwa wa nje huandikwa katika Kitabu namba 5, mama mjamzito namba 6, mtoto wa kliniki namba 7, na mama aliyejifungua namba 12. Mwisho wa mwezi mhudumu huhesabu mstari kwa mstari, hujaza taarifa na kuipeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Huko huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Serikali pia imetengeneza mfumo wa GoTHOMIS, ambao humfuata mgonjwa ndani ya kituo: kuandikishwa, kulipa, maabara na dawa.

Mchambuzi mzuri haanzi na kompyuta. Huchukua karatasi moja na kuifuata: nani ameiandika, nani ameisoma, na uamuzi gani umetokana nayo. Huketi kando ya mhudumu asubuhi yenye foleni na kuangalia kinachofanyika kweli, kwa kuwa mwongozo huonyesha kinachopaswa kufanyika tu.

Chukueni mfano wa chanjo. Dozi moja huandikwa mara mbili: katika kitabu cha zahanati na katika kadi anayokaa nayo mama. Mgeni akitazama haraka atasema huku ni kurudia kazi, kadi iondolewe. Lakini mama akisafiri kwenda kwa ndugu zake Bunda au mwaloni Musoma, kadi ndiyo itakayomweleza muuguzi wa huko dozi iliyobaki. Kadi ikiloa mvua, kitabu ndicho shahidi. Kwa hiyo maandishi hayo mawili yanalindana.

Mfano wa pili ni maneno yanayoandikwa pembeni ya mstari. Majina yetu yanafanana. Muuguzi anaweza kuongeza jina la kitongoji, la baba wa nyumba au la jirani, ili mtoto asiporudi kliniki apatikane. Ikiwa fomu ya kompyuta haina nafasi ya maneno hayo, mashine itatuambia kwa usahihi kabisa kwamba mtoto fulani hajachanjwa surua, na hakuna atakayejua aende nyumba ipi. Hasara hiyo haitaonekana siku ya uzinduzi. Itaonekana siku ugonjwa utakapoingia kitongojini.

Wakati huohuo, tusiyatukuze madaftari. Kuhesabu mamia ya mistari kila mwisho wa mwezi humwondoa muuguzi kwa wagonjwa, na jicho lililochoka hukosea. Takwimu za matumizi zikikosewa, maombi ya dawa kwa Bohari ya Dawa nayo hukosewa, na mgonjwa huambiwa dawa zimekwisha. Hapo kompyuta inatufaa sana. Uchambuzi ndio unaotenganisha cha kuachwa na cha kubebwa.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Siisemi methali hii ili tuukatae mfumo mpya. Naisema ili kila sehemu ya mbacha ikaguliwe kabla hatujaukunja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mkiulizwa, semeni mnavyohudumiwa kweli, hata kama si vizuri. Pili, tunzeni kadi zenu za kliniki. Msizitupe kwa kusikia kwamba kompyuta imekuja. Tatu, kupitia wajumbe wenu katika kamati ya usimamizi wa zahanati, ulizeni: umeme ukikatika tutaandika wapi? Kumbukumbu za zamani zitahamishwa na nani, na nani atazihakiki? Nani ataruhusiwa kusoma habari za ugonjwa wangu? Swali hili la mwisho lina sheria nyuma yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Maswali hayo yakijibiwa kabla ya ununuzi, gharama yake ni siku chache za mazungumzo. Yakijibiwa baadaye, atakayelipa ni mgonjwa.