Safari ya Maji Mwilini Mwetu



Kwa desturi yetu, mgeni akifika hupewa maji kabla ya kuulizwa habari. Leo twaomba kuzungumza juu ya maji hayo: hupita wapi mwilini, na huacha nini.

Maji ya Mlima Meru hupenya miamba na majivu ya volkano, na humo huyeyusha madini ya floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya upande wetu, vikiwamo vya Maji ya Chai, huzidi kiasi hicho.

Tunywapo, tumbo na utumbo mwembamba hufyonza floraidi na kuitia katika damu. Moyo huisukuma damu hadi kwenye mafigo mawili, ambayo huchuja takriban lita 180 kwa siku, yakairudishia mwili karibu zote na kutoa kama lita moja na nusu ya mkojo. Sehemu ya floraidi hutoka kwa njia hiyo. Inayobaki hushikwa na mifupa na meno; humo ndimo ikaapo takriban asilimia 99 ya floraidi yote ya mwili. Mtoto, kwa kuwa mifupa yake inakua, hubakiza sehemu kubwa kuliko mtu mzima.

Meno mengi ya kudumu hujengeka ndani ya taya tangu mtoto azaliwapo hadi afikapo miaka minane hivi. Floraidi ikizidi wakati huo, tabaka gumu la nje halikomai vyema, na jino huota likiwa na madoa meupe au ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, viungo huuma na mifupa hukakamaa, hata kuinama kukawa taabu.

Hapa tunalo la kuungama. Tuliwahi kuwahesabu watoto wenye meno ya kahawia kuwa wavivu wa kupiga mswaki. Tuliwakosea. Tena, katika sikukuu zetu tuliwapa wageni maji ya kisima yaliyochemshwa, tukiamini kwamba tumewatendea wema. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yapunguapo kwa mvuke, yenyewe huzidi kukolea. Magadi ya kulainishia maharage nayo huweza kuiongeza.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia uchujaji kwa mkaa wa mifupa. Twaiheshimu kazi hiyo, ingawa wapo miongoni mwetu ambao imani haiwaruhusu kutumia mifupa ya ng'ombe. Kwa hao, na kwa wote, ipo njia nyingine: maji ya mvua, ambayo hayakupita mwambani. Yakikingwa kwa usafi na kuchemshwa, hufaa kwa kunywa na kupikia.

Paa la hekalu hili ni pana. Twaomba mifereji na matangi yawekwe kabla ya masika, na bomba moja liwe nje ya lango, jirani yeyote achote bila kuulizwa dini yake.

Meno yaliyokwisha kuota na madoa hatuwezi kuyarudisha yalivyopasa kuwa. Ya watoto wanaozaliwa mwaka huu bado yanajengwa.