Mazoezi ya Viungo Baada ya Kiharusi

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Chama chetu hakilaumiwi kwa upande wa maziko, wala kwa kulipa deni la hospitali. Lakini mwanachama aliyepatwa na kiharusi akisharudi nyumbani, twamfanyaje? Twamlaza, twamlisha, twamvika. Na kila anyoshapo mkono kutwaa kikombe, sisi humtangulia. Hayo twayatenda kwa mapenzi, nayo humzidishia ulemavu.

Kiharusi huua sehemu ya ubongo, na sehemu iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu zilizosalia zaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, mgonjwa akirudia jambo lile lile mara nyingi mno. Kiungo kisichotumiwa, misuli yake hufupika na maungio yake hukakamaa.

Hapo ndipo wanapohitajiwa wataalamu wawili, ambao wengi wetu huwachanganya. Mtaalamu wa tiba ya viungo humfundisha mgonjwa kuketi, kusimama na kwenda. Mtaalamu wa tiba ya kazi humrudisha katika shughuli zake: kuvaa, kuoga, kula, kushika jembe. Huyu ndiye afundishaye kwamba mkono mgonjwa hutangulia kuingia katika shati, na huwa wa mwisho kutoka. Wote wawili hukataza kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza, maana bega huweza kuteguka. Na jambo hilo hutendwa hata na watu wenye elimu.

Wako wasemao kwamba miezi ikipita hakuna tena faida. Mwaka 2006 yalitangazwa majaribio yaliyofanywa Marekani kwa wagonjwa 222, waliokwisha kukaa miezi 3 hadi 9 na kiharusi, na ambao bado waliweza kukunjua kidogo kifundo cha mkono na vidole. Baadhi yao walivikwa glavu katika mkono usio mgonjwa kwa wiki 2, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, huku wakizoezwa kila siku ya kazi. Mwaka mmoja baadaye bado walikuwa wakiutumia vizuri kuliko wenzao waliopewa matunzo ya kawaida.

Hatusemi mkawafunge wagonjwa mikono. Hiyo ni kazi ya mtaalamu. Twaomba nauli. Mgonjwa huitwa kliniki tena na tena kwa miezi, na wengi huacha kwenda kwa kukosa pesa za gari, wala si kwa uvivu. Kamati yaomba mkutano huu ukubali nauli hiyo, pamoja na ya ndugu mmoja wa kumsindikiza, itolewe katika mfuko wa wagonjwa, kama tutoavyo gharama za kusafirisha maiti.