Dominika ya Tano ya Kwaresima, Mwaka A: Injini Iliyopakwa Mafuta



Masomo ya Dominika hii yanatupeleka makaburini. Nabii Ezekieli anawatangazia Waisraeli walioko uhamishoni kwamba Bwana atayafunua makaburi yao na kuwatia roho yake. Mwinjili Yohane anatusimulia habari za Lazaro wa Bethania, aliyekwisha kukaa kaburini siku nne, hata dada yake Martha akahofia harufu. Katika masomo yote mawili watu wamekwisha kukata tamaa. Mungu peke yake hajakata tamaa.

Tutafute mfano ulio karibu nasi. Wazee wa Usukuma wanayakumbuka matrekta ya miaka ya 1960, yalipoletwa kulima mashamba ya pamba wakati wa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955. Tangu enzi hizo hata leo, kutoka Magu mpaka Sengerema, si ajabu kukuta trekta limeegeshwa chini ya mti miaka mingi. Kuku hutagia kitini, panya wametafuna nyaya, na wapita njia husema, “Hilo limekufa.”

Fundi mwenye busara hasemi hivyo. Wala hakimbilii kulifunga kamba na kulivuta kwa nguvu, maana pistoni zikiwa zimeshikwa na kutu, kulazimisha kutavunja hata kile kilichosalia. Kwanza humwaga dizeli iliyoharibika na maji yaliyotuama ndani ya tangi. Hubadili oili na machujio. Hutia mafuta kidogo katika silinda na kungoja, pengine siku kadhaa. Kisha huizungusha injini kwa mkono, polepole, mpaka ilegee. Hutoa hewa katika mabomba ya dizeli, kwa kuwa hewa kidogo tu yatosha kuizuia injini isiwake. Ndipo hujaribu kuwasha. Bandarini Mwanza tuliona uvumilivu wa namna hiyo: meli ya MV Victoria, iliyosimama mwaka 2014, ilirudia safari za Bukoba mwaka 2020, baada ya kufungwa injini mpya.

Lakini iko habari ya ajabu zaidi, ya Ziwa Tanganyika. Mwezi Julai 1916, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao, Graf von Götzen, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri kwa jina la Liemba. Mitambo ilionekana bado yafaa. Maji ya miaka minane hayakuiharibu, kwa sababu ilikuwa imepakwa mafuta.

Ndugu yangu, nawe ulipakwa mafuta. Siku ya Ubatizo na siku ya Kipaimara ulipakwa Krisma takatifu, na Kanisa lafundisha kwamba alama ya sakramenti hizo haifutiki kamwe. Ndiyo maana anayerudi baada ya miaka ishirini habatizwi mara ya pili. Labda wewe ni mvuvi uliyehamia kambi za visiwani Ukerewe, ukaacha Misa kidogo kidogo. Labda waishi katika ndoa isiyobarikiwa, nawe waona aibu. Usiseme umekufa. Umezama tu, na mafuta yako bado yapo.

Nanyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tazameni jinsi Bwana alivyofanya. Lazaro alimwita yeye mwenyewe kwa neno lake; lakini jiwe aliwaagiza watu waliondoe, na vitambaa aliwaagiza wao wavifungue. Kufufua si kazi yetu. Kazi yetu ni jiwe na vitambaa. Masengenyo ni jiwe. Ukali wa kumvuta mtu kwa kamba ni jiwe. Hata daftari la zaka laweza kuwa jiwe, ikiwa mwenye kurudi hukutana na madeni yake mlangoni kabla ya kukutana na padre wa kumwungamisha. Zaka ni wajibu, nasi tutaifundisha. Lakini roho ya mtu yatangulia. Na mwenye shida ya ndoa asiahidiwe kwamba yote yatamalizika siku moja. Apokewe, asikilizwe, asindikizwe hatua kwa hatua.

Zimebaki juma mbili tu tufike Pasaka. Wewe uliyeegeshwa muda mrefu, anza leo jioni kwa Baba Yetu moja, isemwe polepole. Huko ndiko kuizungusha injini kwa mkono. Kisha umwendee padre, umwage yale yaliyoharibika ndani. Nawe ukishasimama tena, kumbuka kwamba trekta halifufuliwi ili litazamwe, bali lirudi shambani. Yuko jirani yako anayengoja kulimiwa.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.