Aspirini na Ibuprofeni: Ipi Itangulie?
Msikilizaji, aspirini ndogo anayopewa mgonjwa wa moyo hukifunga kimeng'enya kiitwacho COX-1 katika chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Haikiachii tena. Chembe sahani haina kiini, haiwezi kuunda kimeng'enya kingine, hivyo hudhoofika maisha yake yote, siku 7 hadi 10.

Ibuprofeni nayo hukikalia kimeng'enya hichohicho, ila kwa saa chache tu. Hapo ndipo penye hatari. Ikitangulia, aspirini hukuta nafasi imeshikwa, na yenyewe haidumu: nusu yake huisha katika damu kwa dakika 20 hivi. Ibuprofeni ikiondoka, kinga dhidi ya damu kuganda huwa imepungua.

Kwa hiyo, unayetumia aspirini ya moyo, kabla hujanunua ibuprofeni muulize daktari au mfamasia.