KUPIGA PICHA PORINI: STAREHE NA DHAMANA YAKE

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo linalofaa kujaza saa za mapumziko. Najua wengi mlitazamia habari za mipango na bajeti, kwani ndiyo kazi inayonilisha. La, leo nitasema juu ya kamera.

Nilianza hapa hapa shuleni, kidato cha tatu, kwa kamera ya kuazima. Mkanda mmoja ulikuwa wa picha 36, na gharama ya kuusafisha ilimaliza fedha yangu ya matumizi ya muhula. Kwa hiyo kabla ya kufyatua nilijiuliza: mwanga unatoka wapi? Nyuma ya kitu hiki kuna nini? Je, nikingoja kidogo haitakuwa bora zaidi? Leo simu hupiga picha elfu moja bila mkanda, lakini maswali hayo matatu hayajazeeka.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni uwanda wa Kitulo, katika nyanda za juu za kusini, ambao wengi huuita Bustani ya Mungu. Uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa yenye eneo la kilomita za mraba 413 hivi. Hifadhi nyingine watu huziendea kwa ajili ya simba na tembo. Hii ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi, na huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Anayeogopa kulowa abaki nyumbani!

Ua laonekana rahisi kwa kuwa halikimbii, lakini upepo hulitikisa. Basi amka alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Lala kifudifudi, jicho lako lilingane na ua. Ukilipiga umesimama utapata picha ya majani tu. Ukungu nao huidanganya kamera. Huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na picha ikatoka ya kijivu; hivyo uongeze mwanga kidogo kwa mkono wako. Ndege arukaye anataka kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Tandawala usimfukuze. Keti, unyamaze, naye atarudi kwenye malisho yake. Subira yavuta heri.

Msidhani huu ni mchezo wa watoto. Mwaka 2003 watafiti walimkuta kipunji katika misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone. Wawindaji wa huko walikuwa wakimjua kwa jina siku nyingi, lakini sayansi haikumjua. Alipotangazwa 2005 kuwa aina mpya ya nyani, ushahidi ulikuwa ni picha. Hawakumwua hata mmoja ili kuthibitisha. Baadaye akapatikana mmoja aliyekufa katika mtego shambani, ndipo wataalamu walipoweza kumchunguza zaidi.

Sasa niwaambie kosa langu, maana ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Miaka michache iliyopita, nje ya mpaka wa hifadhi, niliona bonde dogo lililojaa okidi. Nilipiga picha kwa simu, na kwa furaha nikazituma kwa watu wengi, nikitaja njia ya kufikia. Hata nisingeitaja, simu huweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Mwaka uliofuata nilirudi nikakuta mashimo. Viazi vya okidi za namna hiyo huchimbwa, vikauzwa hadi Zambia, ambako hutwangwa pamoja na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kiazi kipya kikishang'olewa, mmea hauna cha kuuchipusha tena mwaka ujao.

Sina hakika kama waliochimba waliongozwa na picha zangu. Huenda walilijua bonde lile kabla yangu, na mchimbaji mwenye njaa simlaumu haraka. Lakini sikuweza kusema kwa moyo mweupe kwamba sihusiki. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Mimi nahofu kidole changu kiliponza maua.

Tangu siku hiyo nina sheria tatu. Kwanza, sikanyagi wala sing'oi jani ili picha ipendeze. Pili, nazima kumbukumbu ya mahali katika simu kabla ya kupiga. Tatu, picha za mimea adimu nawapa kwanza walinzi wa hifadhi na wataalamu wa mimea, ndipo marafiki, tena bila kutaja bonde.

Vijana, si lazima mfike Kitulo. Nyuma ya bweni lile kuna kichaka ambacho sisi tulikijua kwa kuvutia sigara tu, aibu yetu. Anzeni hapo. Pigeni kila ua na kila ndege, andikeni tarehe, muulizeni mwalimu wa biolojia majina. Baada ya miaka 20 mtakuwa na kumbukumbu ambayo sisi hatukuwaachia.