Madoido ya Kioo na Uwezo wa Mashine
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Songea)



Nimepewa dakika chache kabla mkutano haujapiga kura juu ya hoja iliyo mbele yetu. Hoja yasema kompyuta kongwe za shule zitupwe, na mchango wetu wote ununue mpya chache. Sababu iliyotolewa ni kwamba zile kongwe zimekufa, maana dirisha likifunguliwa hujikokota kama konokono. Naomba tuujue ugonjwa kwanza, ndipo tuchimbe kaburi.

Kioo cha kompyuta ni mkusanyiko wa nukta. Chenye nukta 1,024 kwa upana na 768 kwa urefu kina jumla ya nukta 786,432. Kikichorwa chote mara 60 kwa sekunde, ni nukta zaidi ya milioni 47. Dirisha la kawaida halina taabu, kwani huchorwa upya sehemu iliyobadilika tu. Lakini likitakiwa lionyeshe kilicho nyuma yake, litupe kivuli, au liingie kwa kuelea, hapo rangi ya kila nukta hukokotolewa kwa kuchanganya rangi mbili au zaidi, tena na tena.

Kazi hiyo ni ya kadi ya picha, iliyoundwa kukokotoa nukta nyingi kwa wakati mmoja. Kadi ikiwa dhaifu, au ikikosa draiva inayofaa, mzigo huiangukia prosesa kuu, ile ile inayotakiwa kuendesha kazi ya mwanafunzi. Mkulima akiitwa ngomani wakati wa palizi, shamba litaota magugu. Je, tuseme mkulima amekufa? La hasha!

Jambo hili halikuanzia kwetu. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, madoido yake yaliyoitwa Aero yalidai kadi yenye kumudu DirectX 9. Huko Marekani ziliuzwa kompyuta zenye kibandiko cha kuziidhinisha kwa Vista, kumbe nyingine hazikuweza kuonyesha Aero, na wanunuzi wakafungua kesi mwaka huo huo. Hata hivyo mashine hizo ziliweza kufanya kazi madoido yakizimwa. Kwa upande wa Linux, GNOME 3 ya mwaka 2011 nayo ilitaka kadi yenye nguvu, ilhali Xfce na LXDE ziliridhika na kadi hafifu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mashine zetu nyingi zinaliwa na mapambo yake.

Sitaki kuwadanganya, ndugu zangu. Kuzima madoido peke yake hakutoshi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kadi yenye kumudu DirectX 12 pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambavyo kompyuta nyingi kongwe hazina. Aidha, kuhariri filamu na kuchora majengo ni kazi zinazohitaji kadi ya kweli.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mashine ipimwe, na iliyokufa kweli iondolewe. Pili, zilizo hai ziwekewe Linux yenye Xfce pamoja na LibreOffice, bila malipo ya leseni, na sehemu ya mchango iziongezee kumbukumbu. Tatu, fedha itakayobaki inunue mpya moja au mbili zenye kadi nzuri. Tukinunua mpya chache na kutupa zote, vijana wengi watasimama nyuma ya mmoja wakitazama mgongo wake.

Nanyi vijana, wengi wetu tuliishi hapa mji ukitegemea majenereta ya dizeli. Gridi ya Taifa ilifika Songea kupitia Makambako mwaka 2018. Umeme mmeupata, hamna budi kuitafuta elimu ya kilichomo ndani ya sanduku. Ajuaye kwa nini mashine yake inachelewa hataibiwa na muuzaji yeyote.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano uyapigie kura mapendekezo haya.