Heri Ipotee Kuliko Ichelewe: Safari ya Sauti na Picha za Mubashara Mtandaoni



Jioni ya mechi kubwa, kaa barazani simu mkononi ukitazama mpira kwa bando lako. Jirani mwenye kisimbuzi atapiga kelele za goli wakati kwako kipa ndiyo kwanza anaanzisha mpira. Simu yako haina kasoro. Apple ilipotoa utaratibu wake wa kurusha video mwaka 2009, ilipendekeza video ikatwe vipande vya sekunde 10, na kwa kawaida programu ya kuchezea huanza vipande vitatu nyuma ya tukio lenyewe. Hizo ni sekunde 30 za akiba: mtandao ukiyumba, mtazamaji hana habari.

Mtazamaji anaweza kuishi na sekunde 30. Wanaozungumza hawawezi. Shirika la Mawasiliano ya Simu la Kimataifa, ITU, linasema mazungumzo huenda vizuri sauti ikifika upande wa pili ndani ya milisekunde 150, na mipango ya mtandao isivuke milisekunde 400. Muda ukizidi hapo watu huanza kukatizana kauli, kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza, halafu wote wawili wanasema kwa pamoja: "Haya, endelea." Usiku huu nataka kuzungumzia hiyo sehemu ndogo ya sekunde, na nani anaamua kinachotupwa ili ipatikane.

Tuanze na maikrofoni. Simu ya kawaida ya kidijitali hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa vipimo hivyo, kila mlio unaozidi hezi 4,000 hauna pa kupita. Vokali zetu hazidhuriki sana. Zinazoumia ni "f" na "s", ambazo tofauti yake kubwa iko huko juu kulikokatwa. Shahidi akiulizwa kwa simu kama alitoa saini, anaweza kusikia faini, na karani akaandika jibu la swali lisiloulizwa. Opus, kodeki (yaani programu ya kubana na kufumua sauti au picha) iliyosanifiwa mwaka 2012 na isiyotozwa ada ya matumizi, inaweza kubeba sauti yote ambayo sikio la binadamu huisikia, tena kwa biti chache kuliko ile simu ya zamani. Basi ukisikia mkutano wa mtandaoni wenye sauti ya bati, usikimbilie kulaumu kasi ya intaneti. Mara nyingi tatizo ni maikrofoni iliyowekwa mita tatu kutoka kwa msemaji, chini ya feni.

Picha ina njaa zaidi. Fremu moja ya pikseli 1,920 kwa 1,080, kila pikseli biti 24, ukirusha fremu 25 kwa sekunde, ni zaidi ya biti bilioni 1.2 kila sekunde. Hakuna bando la kustahimili hilo. Kodeki hutuma picha kamili mara mojamoja, na katikati hutuma mabadiliko tu: mdomo umesogea, mkono umeinuka, ukuta uko vilevile. Ndiyo maana pakiti chache, yaani vifurushi vidogo vya data, zikipotea, uso wa msemaji huyeyuka na kubaki hivyo mpaka picha kamili nyingine ifike.

Sasa njia yenyewe. Mwaka 1974, katika mtandao wa ARPANET nchini Marekani, Danny Cohen wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walijaribu kuzungumza kwa pakiti kati ya California na Massachusetts. Kikwazo cha kwanza kilikuwa hesabu: sauti ya simu ilihitaji kilobiti 64, na laini za mtandao ule zilikuwa za kilobiti 50. Wakaibana. Kikwazo cha pili kilikuwa cha kifikra, na ndicho kinachonivutia. Mtandao ulijengwa kwa uaminifu: kila ujumbe lazima ufike, tena kwa mpangilio wake. Faili la mishahara linahitaji hivyo. Sauti haihitaji. Ukiisubirisha sentensi nzima kwa ajili ya kipande kimoja kilichokwama njiani, utapata maneno yote, lakini mazungumzo yatakuwa yamekufa. Pakiti ya sauti iliyochelewa ni pilau iliyoiva wageni wakiwa wameshaondoka. Cohen na wenzake wakaomba kitu ambacho wahandisi wengi waliona ni uzembe: njia isiyoahidi kufikisha.

Ombi hilo lilichangia kubadilisha umbo la intaneti. Mwaka 1978 itifaki moja kubwa iligawanywa: IP ikabaki na kazi ya kupeleka pakiti, TCP ikachukua kazi ya kuhakikisha zimefika. Pembeni yake ikazaliwa UDP, iliyochapishwa Agosti 1980 katika kurasa tatu tu. Inatuma, haiulizi. Januari 1996 ikafuata RTP, ambayo mpaka leo imo ndani ya mikutano mingi ya video tunayofanya.

Niruhusuni niifungue pakiti moja mbele yenu. Mtu anasema "hodi". Programu inaikata sauti yake vipande vya milisekunde 20, yaani 50 kwa sekunde. RTP inabandika juu ya kila kipande namba ya mfuatano na muhuri wa wakati, baiti 12. UDP inaongeza baiti 8, IP baiti 20. Kodeki ikibana sauti mpaka kilobiti 16 kwa sekunde, kipande chenyewe kina baiti 40. Anwani nayo ni baiti 40! Nusu ya bando la mzungumzaji inalipia bahasha.

Upande wa pili vipande havifiki kwa mwendo sawa. Kimoja kinawahi, kingine kinachelewa, cha tatu kinaruka foleni. Mpokeaji anaviweka kwenye bafa ndogo, yaani hifadhi ya muda, anavipanga kwa namba zake, anavicheza kwa saa ya ule muhuri. Bafa ikiwa fupi, sauti inakatikakatika. Ikiwa ndefu, watu wanakatizana. Kipande kisipofika kwa wakati, programu inarefusha mlio uliotangulia huku ikiufifisha, na kwa kuwa ni milisekunde 20 tu, pungufu ya silabi, sikio hudanganyika kirahisi. Kikifika baadaye, kinatupwa.

Lakini hakuna programu inayoweza kufupisha umbali, na hapa Afrika Mashariki tuna kisa cha kusimulia. Kabla ya nyaya za baharini, intaneti yetu ilipanda setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Watoa huduma wawili wa Nairobi waliokuwa mitaa miwili tu mbali walipeana data kupitia ng'ambo: kupanda, kushuka, kupanda tena, kushuka tena. Hizo ni zaidi ya kilomita 143,000, karibu nusu sekunde kwa kwenda tu, hata mwanga ukikimbia bila kupumzika. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya wakaanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data hukohuko Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ikalalamika, na mdhibiti akaamuru kifungwe baada ya majuma machache. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Kwa maoni yangu, kituo kile kilifanya zaidi kwa mazungumzo ya mtandaoni kuliko kodeki yoyote, nami ni mtu wa kodeki.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009 Mombasa na Dar es Salaam, wengi tuliona safari ya ng'ambo imekoma kuwa tatizo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ikapata hitilafu pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watu wa Tanzania na Kenya wakakaa na intaneti ya kusuasua. Katika hali kama hiyo, mhadhara unaotoka chuoni kwenda bweni la jirani kupitia seva ya Ulaya unakwama pamoja na kila kitu kingine. Mhadhara unaopita kwenye seva ya hapa nchini hauna sababu ya kukwama.

Njia ikibana, mifumo mizuri ya mikutano ya video hupunguza picha kwanza na kuilinda sauti. Mingine huzigawia umaskini ule ule zote mbili, na mwanafunzi aliye Kigoma anabaki na uso uliogota na nusu za maneno. Huo ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini, na unaweza kubadilishwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa mnaopanga bajeti za kumbi za mihadhara na za mahakama zinazosikiliza kesi kwa video. Nunueni maikrofoni nzuri kabla ya kamera ghali. Mkiletewa mfumo mpya, mwambieni muuzaji aubane mtandao mbele yenu mpaka picha ife, kisha msikilize kama sauti bado inasikika. Akikataa kufanya jaribio hilo, msisaini mkataba.